Ugwe, Jiwe na Namba: Jinsi Ardhi Yetu Ilivyoingizwa Katika Madaftari ya Vipimo

Katika Kiswahili, ugwe ni kamba nyembamba, na wingi wake ni ngwe. Lakini ngwe vilevile ni kipande cha shamba alichokatiwa mtu ili akilime, na kutokana na maana hiyo twasema hata leo kwamba kazi fulani imeingia katika ngwe yake ya pili. Neno moja, basi, limebeba kamba inayopima na ardhi iliyopimwa. Mimi nilikuwa mtunzi wa mashairi kabla ya kuwa karani wa serikali, na maneno ya namna hii hayanipiti hivi hivi. Wazee waliotuachia lugha hii hawakuona umbali mkubwa kati ya chombo cha kupimia na kile kilichopatikana kwa kupima. Aliyeshika ncha moja ya ugwe alimwona kwa macho yake jirani aliyeshika ncha ya pili.

Nataka katika kurasa hizi kueleza safari ya kipimo cha ardhi, kutoka mikononi mwa watu wawili wanaovuta kamba hadi ndani ya kompyuta ya ofisi, ambamo kijana aketiye peke yake huandika namba na shamba likachoreka mbele yake. Safari hiyo aghalabu husimuliwa kana kwamba ni ya maendeleo matupu: zamani tulikosea, sasa tunapatia. Kwa kiasi fulani ni kweli. Hata hivyo liko jambo ambalo watu wa kamba walilijua bila kufundishwa, na ambalo watu wa kompyuta hawana budi kufundishwa, nalo ni kwamba namba ya ardhi haijitoshelezi. Isipotaja ilianzia wapi, ilihesabiwa kwa kuelekea upande gani, na kwa kipimo cha nani, ni kama mgeni abishaye hodi usiku na kukataa kusema jina lake.

Tuanze na mwili wa mwanadamu, kwa kuwa ndio uliokuwa rula ya kwanza. Shibiri ni urefu wa kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimekunjuliwa. Dhiraa, au mkono, ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Pima ni mikono miwili iliyonyooshwa kulia na kushoto, nayo huhesabiwa kuwa dhiraa nne. Vilipokuja vipimo vya Kiingereza, dhiraa mbili zililinganishwa na wari moja, na biashara ya vitambaa ikaendelea. Ubovu wa vipimo hivi waujua kila mtu: mikono ya watu haifanani, na mnunuzi hupenda kitambaa kipimwe kwa mkono mrefu hali muuzaji hupenda mkono mfupi. Lakini vilikuwa na wema mmoja. Kipimo kilikuwa na mwenyewe. Palipotokea ubishi, aliitwa yule yule aliyepima, akanyoosha tena mkono wake mbele ya watu.

Kwa upande wa ardhi, hata kamba haikuwa na nguvu kuliko mashahidi. Uchagani mpaka wa kihamba huoteshwa masale, na jani la mmea huohuo ndilo litumikalo katika kuombana radhi na kupatanisha waliogombana. Kwa hiyo aliyeng'oa isale mpakani alijua kwamba amegusa kitu kikubwa kuliko mmea. Pwani watu walitaja miembe na minazi. Katika Unguja na Pemba shamba liliweza kutajwa kwa hesabu ya mikarafuu iliyomo wala si kwa ukubwa wa eneo lake, na mti uliweza kuwa na mwenyewe ambaye si mwenye udongo ulioubeba. Mpima ardhi wa leo, ambaye programu yake yataka jibu kwa mita za mraba, hutokwa na jasho akikutana na urithi wa namna hiyo.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba desturi ya kutaja mahali kwa namba ililetwa huku na Wazungu. Manahodha wa Bahari ya Hindi walipima kimo cha nyota juu ya upeo wa bahari kwa vidole vilivyonyooshwa mbele ya jicho, au kwa kibao kidogo chenye uzi wa mafundo. Kipimo chao kiliitwa isba, yaani kidole. Nahodha aliyejua bandari fulani iko vidole vingapi aliweza kushuka au kupanda baharini hadi nyota ifike kimo hicho, kisha akageuza chombo kuelekea nchi kavu. Na kwa kuwa Nyota ya Kaskazini haionekani mtu akiisha kuvuka ikweta, safari za kwetu zilidai ujuzi wa nyota nyinginezo. Ahmad ibn Majid, nahodha wa karne ya 15 aliyezaliwa Julfar katika Ghuba, aliandika mengi juu ya elimu hii, na utungo wake mmoja, al-Sufaliyya, unahusu njia ya bahari ya pwani hii yetu mpaka Sofala.

Nimesema utungo, maana ni utenzi wa mafunzo, wenye vina na mizani. Vijana huniuliza kwa nini mtu mwenye akili aeleze njia za chombo kwa shairi. Jibu ni jepesi kwa yeyote aliyewahi kunakili maandishi kwa mkono. Namba iliyo peke yake hukosewa na mnakili na hakuna ajuaye. Namba iliyofungwa ndani ya mizani hulinzwa na maneno yaliyoizunguka. Ukiigusa, ubeti huchechemea, na msikilizaji huuliza nani aliyeuvunja mguu. Nahodha yule alikuwa amekwisha kugundua tatizo ambalo tutalikuta tena mbele, kwenye kompyuta. Nasi twayaita majiranukta yale mafungu mawili ya namba yanayoonyesha mahali pa nukta, na majira katika lugha ya mabaharia ni njia ya chombo. Wataalamu wa istilahi wanaweza kunisahihisha, lakini mimi husikia bahari ndani ya neno hilo.

Namba za aina nyingine zilikuja na wakoloni. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba Sultani wa Zanzibar aachiwe ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 za baharini, kutoka Miningani upande wa kusini hadi Kipini upande wa kaskazini. Hapakuwa na mto wala kilima wala kijiji kilichokomea kwenye maili ya 10. Ilikuwa namba nyepesi kuandika. Sehemu ya ukanda huo iliyo Kenya iliendelea kuwa suala la siasa hadi mapatano ya Oktoba 1963, miezi miwili tu kabla ya uhuru wa nchi hiyo. Katika mapatano yayo hayo ya 1886 mpaka wa bara ulichorwa kutoka mlango wa mto Umba, ukapita ziwa Jipe, ukazunguka Kilimanjaro, kisha ukaenda mpaka nukta fulani ya pwani ya mashariki ya Ziwa Viktoria. Nukta hiyo haikutajwa kwa jina la mahali. Ilitajwa kwa namba: pale latitudo ya nyuzi 1 kusini inapokata ufuko.

Tarehe 1 Julai 1890, huko Berlin, mataifa hayo mawili yaliendeleza mstari huohuo wa nyuzi 1 kusini kwenda magharibi ya ziwa. Walioandika hawakuwa na haja ya kujua nani anaishi hapo. Watu wa pande zile walikuwa wakioana na kutembeleana kwa vizazi vingi, na mstari ulipita katikati ya migomba yao. Baadaye, kati ya 1902 na 1904, tume ya Waingereza na Wajerumani ilikwenda kuutafuta mstari huo kwa vyombo na kuuwekea alama. Zingatia mpangilio: kwanza namba, kisha ardhi. Mtu wa ugwe alikwenda shambani kwanza, ndipo akahesabu.

Mto Kagera, kwa sehemu kubwa ya mwendo wake wa mwisho, unapita kusini ya mstari huo. Kwa hiyo pana pande la nchi yetu lililo kati ya mto na latitudo, na kwa mtu atazamaye ramani kwa tamaa, mto huonekana kuwa mpaka wa asili zaidi kuliko mstari usioonekana. Nchi za Afrika zilikwisha kukubaliana mjini Cairo, Julai 1964, kwa pendekezo lililosimamiwa na Mwalimu Nyerere, kwamba kila dola iheshimu mipaka iliyokutwa wakati wa uhuru. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka, na siku chache baadaye akatangaza kwamba nchi yote hadi mtoni ni ya Uganda. Daraja la Kyaka lilivunjwa. Watu waliuawa, mifugo ikaporwa, na maelfu walikimbia kusini ya mto. Vita vilivyofuata viliwafikisha askari wetu Kampala Aprili 1979. Wengine wetu tulikuwa watoto wa shule wakati ule, tukiimba nyimbo za vita bila kujua kwamba ugomvi ule ulianzia kwenye tarakimu moja iliyoandikwa mezani miaka 88 kabla yake. Sisemi kwamba tarakimu ndiyo iliyoua; aliyeua alikuwa na sababu zake nyingine. Lakini namba ya mpaka ikiisha kuandikwa haiko tena katika hesabu tu.

Turudi kwenye mashamba. Mnyororo wa mpima ardhi ulibuniwa na Mwingereza Edmund Gunter mwaka 1620. Una futi 66 na viungo 100, na urefu wake ulichaguliwa kwa werevu: minyororo 10 ya mraba hufanya eka moja kamili, basi mpima aliyehesabu viungo alipata eka kwa kusogeza nukta tu. Mnyororo umekwisha kutoweka, lakini eka ingali midomoni mwa kila mkulima, na wengi hawajui kwamba wanapoitaja wanautaja mnyororo wa mtu aliyekufa karne ya 17.

Mnyororo hufaa shamba, haufai nchi. Kuunganisha ramani za nchi nzima kulihitaji mbinu ya pembetatu. Hupimwa msingi mmoja tu kwa utepe, kwenye tambarare, kwa uangalifu mwingi. Kisha kutoka ncha zake hupimwa pembe kuelekea vilele vya vilima, na kutoka vilele hivyo kuelekea vilele vingine, na hesabu huzaa umbali ambao mguu wa mtu haukuutembea. Mwaka 1879 David Gill, mwanafalaki wa Rasi ya Tumaini Jema, alipendekeza mnyororo wa pembetatu za namna hiyo ufuate meridiani ya 30 kutoka kusini ya Afrika hadi Misri. Sehemu ya Uganda ilipimwa mwaka 1908 na 1909. Ya Tanganyika ilishughulikiwa na Martin Hotine, mwanajeshi wa Kiingereza, tangu 1931. Pengo la mwisho, katika Sudan, lilizibwa mwaka 1954, na hesabu zilizopangwa upya kwa Afrika ya Mashariki zikapewa jina la Arc 1960.

Majina ya wageni yameandikwa. Hayakuandikwa majina ya waliobeba thiodolaiti begani hadi kileleni, waliofyeka miti iliyoziba macho ya chombo, na waliokesha wakilinda taa juu ya kilima ili mwenzao aliye mbali aione. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kazi yao ilikuwa mali.

Sasa hapa ndipo naomba usikivu wa wanafunzi. Dunia si tufe kamili, imebonyea kwenye ncha. Ili kukokotoa, wapimaji huchagua umbo la hesabu linalokaribiana nayo. Arc 1960 hutumia umbo lililokokotolewa na Mwingereza A. R. Clarke mwaka 1880, ambalo nusukipenyo chake cha ikweta ni mita 6,378,249. Hesabu zote huanzia kwenye jiwe moja liitwalo Buffelsfontein, kusini kabisa mwa Afrika, karibu na Port Elizabeth ya zamani. Kwa maneno mengine, kiwanja kilichopimwa Mwanza kwa msingi huo kina kitovu chake huko kwenye rasi. Setilaiti za leo zina umbo jingine, liitwalo WGS 84, lenye nusukipenyo cha mita 6,378,137, na kitovu chake ni kiini cha dunia. Hata futi haikuwa moja. Futi ya Clarke ni mita 0.304797265, hali futi ya kimataifa ni mita 0.3048. Katika upana wa nyumba tofauti hiyo haionekani. Katika nukta iliyoandikwa kuwa futi 1,000,000 kutoka mwanzo, inafika mita 2 na sentimita 70, ambazo zatosha kumwingiza mtu katika ua wa jirani.

Elimu hii ilianza kufundishwa Dar es Salaam katika shule ya wapimaji ya mwaka 1956, ambayo ilikua ikawa Chuo cha Ardhi mwaka 1972 na Chuo Kikuu Ardhi mwaka 2007. Wanafunzi wa zamani walikokotoa kwa majedwali ya logi na kwa mashine za kuzungusha kwa mkono. Kila kiwanja kilikokotolewa mara mbili, na watu wawili. Ilichosha, lakini uchovu huo ulikuwa mlinzi.

Kompyuta iliondoa uchovu. Programu ya kuchorea ya AutoCAD ilitoka Marekani mwaka 1982, na nyingine nyingi zikafuata. Leo mpima hutoka uwandani na orodha ya pembe na umbali, au ya majiranukta, akaiingiza, na ramani ikatokea kabla chai haijapoa. Nimewaona wakifanya kazi hiyo miaka mingi, nikiwa mtu wa majalada tu, na nimejifunza mahali pa kuogopa.

Chukua jiwe lenye mashariki mita 520,000.00 na kaskazini mita 9,250,000.00. Kutoka hapo mpima ameelekea nyuzi 60 kwa umbali wa mita 100. (Twasema nyuzi, hata katika hisabati lugha yetu haijaiachia kamba.) Mpima huhesabu nyuzi zake kutoka kaskazini, akizunguka kama mshale wa saa. Kwa hiyo jiwe la pili liko mashariki 520,086.60 na kaskazini 9,250,050.00. Lakini programu ya wahandisi, isipoambiwa vingine, huhesabu kutoka mashariki, ikizunguka kinyume cha saa. Ukiipa 60 hiyo hiyo, italiweka jiwe kwenye 520,050.00 na 9,250,086.60, karibu mita 52 mbali na mahali pake.

Mtu atasema: kosa kubwa namna hiyo litaonekana. Halionekani. Pembe zote za kiwanja zikiingizwa vivyo hivyo, umbo zima hugeuka kama uso katika kioo. Pande ni zile zile, eneo ni lile lile, na mstari wa mwisho hurudi kwenye jiwe la kwanza bila kupungukiwa hata sentimita. Mpima hufundishwa kuuamini mchoro unaofunga, na huu unafunga. Hapa ndipo ninapomkumbuka yule nahodha wa Julfar. Ubeti uliogeuzwa ungechechemea. Kiwanja kilichogeuzwa hutembea sawasawa.

Yako makosa mengine ya ukoo huo. Daftari laweza kuandika 36.30, likimaanisha nyuzi 36 na dakika 30, yaani nyuzi thelathini na sita na nusu. Programu ikiisoma kama desimali hupata nyuzi 36 na dakika 18. Dakika 12 zilizopotea ni sentimita 35 katika kila mita 100: upana wa msingi wa ukuta, na chanzo cha kesi. Wapimaji wengi waliofunzwa kwa desturi ya zamani huandika kaskazini kwanza, ilhali programu nyingi huuliza mashariki kwanza. Na alama ndogo ya kutoa, ile inayoonyesha kusini ya ikweta, ikisahauliwa mbele ya latitudo ya Dar es Salaam, mji wote huhamia kwenye nyanda za juu za Ethiopia, pande za milima ya Bale. Kosa hili la mwisho ni la kuchekesha, kwa hiyo si la hatari.

La hatari zaidi ni la kanda. Mfumo wa UTM umeigawa dunia katika kanda za nyuzi 6, na kila kanda huanza hesabu zake upya. Nchi yetu imeangukia katika kanda tatu: Kigoma iko katika ya 35, Dodoma katika ya 36, Dar es Salaam katika ya 37. Meridiani ya 36, inayotenga kanda mbili za mwisho, inapita mashariki ya mji wa Dodoma, hata Kongwa iko kanda nyingine ingawa mkoa ni mmoja. Nukta ya Dodoma mjini ina mashariki ya zaidi ya mita 800,000. Ya Kongwa ina kama 214,000. Aziwekaye pamoja bila kutaja kanda ataikuta Kongwa magharibi ya Dodoma, na mbali kuelekea Tabora.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka mipaka ihakikiwe pale kijijini, majirani wakiwapo, kabla hati ya hakimiliki ya kimila haijatolewa. Katika miaka ya 2010, katika baadhi ya vijiji vya Wilaya ya Iringa, vijana wa kijiji walizunguka mashamba na simu za mkononi zenye kupokea setilaiti, mwenye shamba akitangulia na jirani akifuata. Nimelipenda jambo hilo. Simu huandika tarakimu saba baada ya nukta, na ya saba ni kama sentimita moja ardhini, hali chombo chenyewe kinaweza kukosea kwa mita kadhaa. Lakini angalau ncha ya pili ya ugwe ilikuwa na mtu.

Nilikuwapo siku moja ambayo haikuwa na mtu. Miaka kadhaa iliyopita, katika wilaya ambayo sitaitaja, majiranukta ya shamba la shule ya msingi yalinakiliwa kutoka ramani ya miaka ya 1970 na kuingizwa katika programu. Shamba likatokea ndani ya msitu wa hifadhi. Namba zilikuwa safi, pande zilifunga. Ikaandikwa barua, nami ndiye niliyeipiga muhuri, kuiamuru shule iache kulima. Mahindi yalikuwa yamebeba. Mwalimu mkuu alikuja ofisini mara tatu, na mara zote tulimwonyesha mchoro.

Mara ya nne alikuja na mzee mmoja, ambaye ujanani alikuwa kibarua wa wapimaji. Mpima wetu, kijana mwenye adabu, alimwamkia, akamgeuzia kioo ili aone.

"Shikamoo, babu. Shamba lenu hili hapa, na msitu ndio huu wote."

"Marahaba, mwanangu," mzee alijibu, akatazama kitambo. "Mimi nilibeba lile jiwe kichwani. Sikulipeleka msituni."

Tulikwenda naye. Chini ya mkwaju, kusini ya mahali simu ya mpima ilipoonyesha, alikwangua udongo kwa jembe mpaka likatokea jiwe la zege lenye chuma katikati. Mpima alisoma chombo chake, akaandika, akatoa, akanyamaza. Tofauti ilikuwa karibu mita 300 kaskazini na kama mita 90 magharibi, kwa kila jiwe, upande ule ule. Ndiyo tofauti iliyopo kati ya Arc 1960 na WGS 84 katika nchi yetu. Programu ilikuwa imepewa namba za Buffelsfontein na kuzisoma kama namba za setilaiti, kwa sababu hakuna aliyeiambia.

"Hiyo mashine mliiambia tulianzia wapi?" mzee aliuliza. Hakuuliza kwa kejeli.

Jibu lilikuwa kwenye ramani yenyewe, pembeni, kwa herufi ndogo, mahali ambapo sote tuliona ni mapambo. Katika sheria na desturi ya upimaji, jiwe la awali lililokutwa mahali pake huitangulia namba iliyoandikwa juu yake, na kijana aliijua kanuni hiyo, aliisoma chuoni. Alirudi ofisini akaziingiza namba zote upya. Juu ya orodha aliandika: Arc 1960, kanda ya 36 kusini, mita, na chini yake jina la mzee, kama shahidi wa jiwe. Nilipiga muhuri wa pili. Mahindi ya shule yalivunwa mwezi uliofuata.